Jua Ugonjwa Kwanza, Kadi Baadaye: Mwongozo wa Matibabu na Bima kwa Familia za Moshi

Inapokaribia Desemba, ndugu wanaojiandaa kutoka Dar es Salaam kuja kula sikukuu nyumbani hupiga simu na swali moja: "Tumkatie mama bima gani?" Huwa silijibu. Nami huuliza: mama anaumwa nini, anatibiwa hospitali ya ngazi gani, na mwaka huu mmeshatoa shilingi ngapi? Mara nyingi simu inakuwa kimya kidogo, kisha mtu anasema, "Ngoja nimuulize dada." Wanataka kununua kiatu na mguu hawajaupima.

Kwa familia zetu za Kilimanjaro, kadi inayofaa ni ile inayokubalika kwenye ngazi ya hospitali ambako ugonjwa wenu unatibiwa. Bei yake ni jambo la pili. Kwa hiyo tutaanza na ugonjwa, twende kwenye ngazi za hospitali, kisha hesabu, na kadi tutaifikia mwishoni.

Hatua ya 1: Fungua daftari la wagonjwa

Daftari la shule linatosha. Kila mtu wa nyumbani mpe ukurasa wake: majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA au cheti cha kuzaliwa, mwaka wa kuzaliwa, ugonjwa aliotajiwa na daktari (wa jirani usiuandike), hospitali anakohudhuria, na dawa pamoja na miligramu zake. Kama jina la dawa linakushinda, kata kipande cha boksi ukibandike humo. "Vile vidonge vyeupe vya asubuhi" haimsaidii daktari yeyote.

Upande wa pili wa ukurasa ni wa fedha: kumwona daktari, vipimo, dawa, kulazwa, nauli, chakula cha anayemuuguza. Hizi mbili za mwisho bima haizilipi, na kwa mtu anayeshuka kutoka Rombo au kupanda kutoka Same kila mwezi, nauli inaweza kuzidi bei ya dawa zenyewe.

Hatua ya 2: Uelewe ugonjwa wenyewe

*Presha ya kupanda.* Hii ndiyo itakayojaza kurasa nyingi, hasa za wazazi. Kipimo kina namba mbili: ya juu ni msukumo wa damu moyo unapobana, ya chini ni msukumo moyo unapolegea. Chini ya 120/80 uko salama. Kuanzia 140/90, ikirudiwa siku tofauti na kubaki hapo, hiyo ni presha. Ikifika 180/120 pamoja na kifua kubana, kupumua kwa shida, macho kuona giza au upande mmoja wa mwili kufa ganzi, usisubiri kliniki ya kesho.

Namna ya kupima ina maana kuliko watu wanavyodhani. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki bibi mmoja alipoingia na kikapu chake, akaketi na kunyoosha mkono papo hapo.

"Shikamoo bibi," muuguzi akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Nipime niwahi daladala ya Kiboriloni."

"Umekuja kwa miguu?"

"Kutoka sokoni, na jua hili."

"Basi pumzika kwanza bibi yangu. Nikikupima unahema hivyo nitakuandikia presha ya barabarani."

Akapumzika, mgongo ukiegemea kiti, miguu yote miwili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na muuguzi akamwomba asiongee. Dakika tano za namna hiyo ndizo zinazotakiwa, na kahawa au sigara isiwe imepita katika nusu saa ya nyuma. Ukipimwa mbiombio dirishani ukaambiwa 160, omba urudiwe kabla ya kukubali dawa za maisha.

Dawa zenyewe kwa sehemu kubwa ni za kawaida na zimekuwepo miaka mingi: amlodipini, losatani, enalaprili, na ile ya kukojosha ambayo kwenye cheti huandikwa HCT. Kila moja ina kero yake. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Enalaprili na kaptoprili huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha, mgonjwa akanunua dawa za kifua mwezi mzima wakati kinachomkoholesha ni kidonge cha presha. Mwambie daktari akubadilishie. Usiache mwenyewe.

Kuacha ndiko kunakoangamiza. Mtu anapimwa 128/80, anafurahi, anaweka dawa kabatini. Ile 128 imeletwa na dawa! Presha haiumi, na anayesema "yangu naijua, ikipanda nasikia kichwa" anaweza kukaa na 170 mwaka mzima bila kusikia chochote mpaka siku ya kiharusi.

Kuna vitu viwili vya nyumbani ambavyo daktari huenda asiviulize. Kwanza ni diklofenaki na ndugu zake, vidonge vya maumivu ambavyo wazee wetu hunywa kwa ajili ya magoti na mgongo. Vinapandisha presha, vinachoma figo na tumbo, na vinapunguza nguvu ya dawa za presha. Pili ni magadi kwenye kande na kiburu, kile chakula chetu cha ndizi na maharage. Mtu anajisifu ameacha chumvi huku anakula magadi kila siku, na sodiamu iliyomo ni ileile inayokatazwa kwenye chumvi.

*Sukari.* Kabla ya kula asubuhi, kipimo cha 7.0 na kuendelea (kwa mashine inayosoma mmol/L) ni kisukari. Ukiwa umekula, 11.1 na kuendelea pamoja na dalili (kiu, kukojoa sana, kukonda) kinatosha kumfanya daktari aseme. Kuna kipimo kingine kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kinaitwa HbA1c, na kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari. Hicho ni ghali kidogo, lakini hakidanganyiki na mtu aliyeacha ugali siku mbili kabla ya kliniki.

Metformini ndiyo dawa ya kuanzia kwa wengi. Inywe pamoja na chakula, maana tumboni inasumbua wiki za mwanzo. Glibenklamidi inashusha sukari kwa nguvu, kwa hiyo mzee asiinywe halafu akashinda njaa shambani. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuongea ovyo, mpe soda ya kawaida au maji ya sukari kwanza, maswali baadaye. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Nyumba isiyo na jokofu hutumia chungu cha maji kilichowekwa kivulini.

Mguu wa mwenye kisukari ukaguliwe kila jioni, nyayo hadi katikati ya vidole. Kidonda kidogo cha kandambili kikiachwa ndicho kinachoishia chumba cha upasuaji, na gharama ya kumkata mtu mguu hulinganishi na ya kumnunulia viatu vilivyofungwa.

*Homa.* Hapa naomba utulie, kwa sababu fedha nyingi za familia zinapotelea kwenye homa iliyopewa jina lisilo lake. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa waliolazwa katika hospitali mbili za hapa Moshi miaka ya 2007 na 2008, ukachapishwa 2013, ulifuatilia wagonjwa 870 wenye homa. Zaidi ya nusu yao, 528, walidhaniwa kuwa na malaria. Waliokuwa wanaumwa kwa sababu ya malaria kweli walikuwa 14. Wengine wengi walikuwa na maradhi ya bakteria, yakiwemo yanayotoka kwa wanyama: brusela, homa ya Q, homa ya mkojo wa panya na homa ya kupe.

Malaria ipo, hasa tambarare za Mabogini na TPC kwenye mashamba ya mpunga na miwa. Ila mtu wa Kibosho au Marangu juu ambaye hajasafiri akapata homa, isidhaniwe tu kuwa ni malaria. Dai kipimo, kile cha haraka cha tone la damu au cha hadubini. Kikionyesha ipo, malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa mseto, ALu, dozi sita kwa siku tatu, na unazimaliza hata kama umepata nafuu siku ya pili. Kikionyesha haipo, usinunue mseto "kwa kujihami". Mweleze daktari kama unakamua ng'ombe, unachinja, unakunywa maziwa yasiyochemshwa, umezalisha mbuzi, au unafanya kazi kwenye majaruba. Taarifa hiyo ya bure inaweza kumwonyesha daktari njia kuliko vipimo vitano.

Halafu kuna ile pacha ya mjini, "taifodi na yutiai" (yaani UTI, maambukizi ya njia ya mkojo), ambayo karibu kila aliyeingia maabara ya uchochoroni hutoka nayo. Kipimo cha Widal kinachotumika sana kutafuta taifodi kina udhaifu mkubwa, kinaweza kusema ipo wakati haipo. Kipimo cha kutegemewa ni damu kuoteshwa maabara, na majibu yake huchukua siku kadhaa. Sikwambii umbishie daktari. Nakwambia ukiandikiwa sindano za siku saba kwa taifodi ya tatu mwaka huu, nenda hospitali nyingine wakuangalie upya.

*Tumbo.* Vidonda vya tumbo mara nyingi vinasababishwa na bakteria aitwaye H. pylori au na dawa za maumivu nilizokwisha zitaja. Bakteria hupimwa kwa choo, na tiba ni dawa mbili za kuua bakteria pamoja na omeprazoli, mara nyingi kwa siku 14. Kunywa omeprazoli peke yake miaka mitatu ni kutuliza tu. Mtu aliyepita miaka 50 anayekonda, chakula kinamkwama kooni au anatapika damu, aende kwenye kipimo cha kamera ya tumboni bila kuzungushwa. Saratani ya umio ipo kwa watu wetu, na ikichelewa haina msamaha.

Mengine kwa ufupi. Mtoto anayeharisha apewe ORS, na zinki kwa siku 10 hadi 14, na dawa ya kuzuia kuharisha asipewe. Mwenye pumu anayetumia pampu ya bluu kila siku hajatulizwa, anahitaji pampu ya kuzuia. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi kipimwe makohozi, tena TB inatibiwa bure, na hospitali ya Kibong'oto kule Siha ni bingwa wa kazi hiyo.

Hatua ya 3: Weka kila ugonjwa kwenye ngazi yake

Mfumo wetu unapanda hivi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa (Mawenzi kwa Kilimanjaro, Mount Meru kwa Arusha), hospitali ya rufaa ya kanda, ambayo kwetu ni KCMC iliyofunguliwa 1971, kisha hospitali za taifa na za ubingwa Dar es Salaam. Pembeni kuna za mashirika ya dini kama Kibosho, Kilema na Machame, ambazo nyingine zina mikataba na mifuko ya bima.

Tatizo la watu wa Moshi ni kwamba KCMC ipo karibu mno. Mtu wa Rau anaiona ng'ambo tu, basi hata mafua anayapeleka huko. Anapanga foleni na waliotoka Singida na Tanga kwa rufaa, analipa bei ya bingwa, na mwenye kadi anaweza kurudishwa kwa kukosa barua ya rufaa.

Presha na sukari vilivyotulia vinatibika vizuri kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Presha isiyoshuka kwa dawa tatu, figo zilizoanza kulegea, macho ya mwenye sukari, uvimbe usioeleweka: hayo ni ya mkoa au kanda. Kwenye daftari lako, mbele ya kila jina, andika ngazi ya kawaida na ngazi ya hofu. Mama, presha: kituo cha afya, na hofu ni kiharusi, KCMC. Mstari huo mmoja ndio utakaoamua kadi.

Dharura haifuati ngazi. Uso ukipinda, mkono ukikosa nguvu au maneno yakikokotwa, mpeleke hospitali kubwa iliyo karibu, barua zitafuata.

Hatua ya 4: Piga hesabu kana kwamba hakuna bima

Jumlisha mwaka mzima wa kila mtu kwenye mafungu mawili. La kwanza ni gharama unayoijua: dawa za mwezi mara kumi na mbili, kliniki, vipimo vya damu vya kuangalia figo na sukari mara moja au mbili kwa mwaka. La pili ni gharama ya hofu: kulazwa, upasuaji, CT skani, kusafishwa damu. Hilo la pili huwezi kulijua, lakini nenda dirisha la malipo la hospitali uliyoiandika, uliza bei ya kulala siku moja na bei ya kipimo kimoja kikubwa. Watakwambia. Kuuliza si dhambi.

Fungu la kwanza likiwa dogo, msikate kadi ya gharama kubwa kwa ajili ya vidonge. Kadi ya gharama kubwa inanunuliwa kwa ajili ya fungu la pili. Familia nyingi hufanya kinyume: zinalipia bima nono kwa kijana asiyeumwa kwa sababu ana kazi mjini, na bibi mwenye sukari na presha anabaki na michango ya kundi la WhatsApp.

Hatua ya 5: Sasa linganisha kadi

Anza na wasiopaswa kulipa. Sera ya afya inasamehe malipo kwenye vituo vya serikali kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wazee kuanzia miaka 60 wasio na uwezo. Mzee anahitaji kitambulisho cha msamaha, na safari yake inaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Msamaha haujazi rafu za dawa, kwa hiyo weka akiba ya kununua nje dawa zikikosekana. Pia usidhani msamaha huo unafanya kazi vilevile kwenye hospitali za dini au binafsi.

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, yaani CHF, ulikuwa ukichangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita nje ya Dar es Salaam. Hiyo ilikuwa 5,000 kwa kichwa. Inaanzia zahanati na kupanda kwa rufaa hadi hospitali ya mkoa, na inakomea hapo. Kwa babu na bibi wanaolea wajukuu kule Uru, wenye presha iliyotulia, ni fedha iliyotumika vizuri. Lakini msijidanganye kwamba siku ya CT skani KCMC kadi hiyo itawasaidia. Weka akiba ya pembeni kwa ajili ya siku hiyo, hata kama ni fedha ya mauzo ya kahawa.

Bima ya mwajiriwa, NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, inakatwa kwa asilimia 6 ya mshahara, kwa kawaida 3 yako na 3 ya mwajiri. Mshahara wa 600,000 unatoa 18,000 kwako na 18,000 kwa mwajiri, jumla 36,000 kwa mwezi, sawa na 432,000 kwa mwaka. Inamhudumia mwanachama, mwenza na wategemezi hadi wanne, na wazazi wanaruhusiwa kuwa wategemezi. Hapa ndipo ninapowagombeza wadogo zangu. Kijana hajaoa, ameajiriwa Arusha, ana nafasi tupu kwenye kadi yake na mama yake analipa taslimu Mawenzi! Jaza nafasi hizo kabla hujafikiria kununua kadi mpya.

Asiye na ajira rasmi anaweza kujiunga NHIF kwa vifurushi vya hiari. Bei hutegemea umri na ukubwa wa familia, na zimekuwa zikibadilika. Wapo wanaokumbuka Toto Afya Kadi ya 50,400 kwa mtoto wakaenda benki na fedha hizohizo. Ulizia bei ya siku hiyo kwenye ofisi ya mfuko. Mabadiliko yanaendelea, maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023 na inataka kila mkazi awe na bima, hivyo kabla ya kulipa chochote uliza pia utaratibu huo umefika wapi kwenye kata yenu.

Kampuni binafsi zinafaa zaidi kwa kikundi, kwa mfano wafanyakazi wa kampuni ya utalii au walimu wa shule binafsi. Kwa mtu mmoja mwenye umri mkubwa, bei hupanda na masharti hukaza. Kabla ya kutia saini, uliza haya, na majibu uyatake kwa maandishi:

- Ugonjwa niliokuwa nao kabla ya kujiunga unalipiwa? Kuanzia lini?
- Kipindi cha kusubiri ni muda gani kwa kulazwa, upasuaji na uzazi?
- Kikomo cha mwaka cha mgonjwa wa nje na cha kulazwa ni shilingi ngapi, na ni cha mtu au cha familia?
- Dawa za kila mwezi za presha na sukari zinatoka kwenye kikomo kipi?
- Hospitali zipi za Moshi zinapokea kadi hii leo?
- Umri wa mwisho wa kuhuisha kadi ni upi?

Swali la kwanza ndilo linalowaumiza watu. Wakala anakwambia "magonjwa yote", na kwenye mkataba imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba sukari ya mama uliyoijua mwaka juzi haimo mwaka wa kwanza. Usiifiche kwenye fomu ili upite. Wakigundua siku amelazwa, wanakataa bili yote.

Hatua ya 6: Jisajili ukiwa mzima

Bima haikatwi mgonjwa akiwa kwenye bajaji. Andaa namba ya NIDA, picha, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa kwa mwenza. Majina yafanane herufi kwa herufi: "Elibariki" kwenye NIDA na "Eliabariki" kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto ni miezi ya kuzunguka RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, na ofisi ya bima. Kwa CHF, muulize mtendaji ni nani ofisa mwandikishaji wa kijiji chenu, na akishawaandikisha muulize kadi inaanza kufanya kazi tarehe gani.

Kaya za wazee zinaandikishwa kirahisi zaidi wakati wa Krismasi. Watoto wote wako nyumbani, wenye fedha na wenye simu za kupiga picha, na mtu anaweza kuchukua jukumu hadharani mbele ya wengine. Tarehe ya kadi kuisha iandikwe kwenye jalada la daftari kwa kalamu nyekundu. Kadi iliyokufa jana haina thamani leo, hata kama umechangia miaka kumi mfululizo.

Hatua ya 7: Dirishani

Nenda na kadi, kitambulisho, daftari na barua ya rufaa kama ngazi inaidai. Mapokezi waambie una bima kabla hujalipa chochote, maana fedha ukishalipia namba ya malipo, kurudishiwa ni kazi.

Baada ya matibabu utapewa fomu utie saini, au utaombwa uthibitishe kwa alama ya kidole. Isome kwanza. Inaorodhesha daktari, vipimo na dawa ulizopata. Mimi husimama pembeni ya mgonjwa na kuhesabu: dawa tatu kwenye fomu, mfukoni ziko mbili. "Samahani dada, hii ya tatu hatujapewa." Mara nyingi ni kosa dogo na linarekebishwa bila maneno. Fomu tupu usiisaini kabisa, hata kama foleni ni ndefu na watu wa nyuma wanaguna.

Dawa isipokuwepo, usikimbilie kununua. Uliza kama kuna duka la dawa lenye mkataba na mfuko wako, na upewe fomu ya kuchukulia huko. Ukiambiwa dawa uliyoandikiwa haimo kwenye orodha ya bima, rudi kwa daktari umuulize kwa heshima kama ipo nyingine ya kundi hilohilo iliyomo. Kwa presha na sukari, mara nyingi ipo.

Hatua ya 8: Bili ikizidi au kadi ikikataliwa

Hospitali za mkoa na kanda zina ofisi ya ustawi wa jamii. Waone mapema, siku mgonjwa analazwa, wala msisubiri siku anaporuhusiwa. Beba barua ya mtendaji wa kata inayoeleza hali ya familia. Ofisa anaweza kupendekeza msamaha, punguzo au kulipa kwa awamu, ila hawezi kufanya lolote kwa familia iliyojificha mpaka bili ikafika dari. Dawa za TB, VVU na ukoma hutolewa bure, kwa hiyo zikitokea kwenye bili uliza kwa nini.

Bima ikikataa kulipa, omba sababu kwa maandishi na jina la sharti walilolitumia. Kwa NHIF, peleka malalamiko ofisi ya mkoa ukiwa na nakala ya fomu. Kwa kampuni binafsi, anza na kampuni yenyewe kwa barua, kisha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kinachotakiwa huko ni karatasi: mkataba, risiti, fomu, barua ya kukataliwa. Zitoe nakala mara mbili, seti moja ibaki kwa mtu mwingine wa familia, na barua yoyote unayoipeleka igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako kabla hujatoka pale ofisini.